Plasta ya Kiroboto

Kila asubuhi kabla ya kengele, Kiroboto alikuwa na kazi moja tu: kubandika mikia ya karatasi kwenye migongo ya watu. Aliibandika kwa gundi ya unga, hivyo mingi ilidondoka hata kabla watu hawajacheka. Wenzake walimwita Kiroboto kwa sababu hatulii, wala hamwachi mtu atulie.

Siku ile mikia ilibaki mfukoni. Nesi alikuwa amekuja shuleni na dozi ya pili ya chanjo, na Kiroboto, pamoja na utundu wake wote, sindano ilimtoa jasho.

Akajifungia chooni, akatoa plasta kuukuu aliyoiokota nyumbani nyuma ya kabati, akaipachika mkononi karibu na bega. Akarudi darasani, nesi alikokuwa akichanja, kaukunja uso.

"Umeshachomwa?" rafiki yake akamuuliza.

"Zamani! Sindano yenyewe kama mbu tu."

"Mwongo wewe! Hujalia hata kidogo?"

"Nilie mimi?" Kiroboto akapunga mkono kwa madaha. Plasta ikabanduka, ikatua juu ya kiatu cha nesi.

Darasa likaangua kicheko. Nesi akautazama ule mkono. Haukuwa na alama yoyote.

"Mwanangu, umechomwa wapi?"

Kiroboto akainamisha kichwa. "Sijachomwa, mama. Naogopa. Halafu si nilichanjwa muhula uliopita? Kinga si ninayo?"

"Unayo. Ila hebu njoo." Nesi akambandika plasta ile ile. "Punga." Ikaanguka. Akambandika mpya. "Punga tena." Kiroboto akapunga, akaruka, akajitikisa kama kuku aliyenyeshewa. Wapi! Haikutoka.

"Damuni mna kingamwili," nesi akasema, "vitu vidogo mno vinavyonasa virusi. Za mwanzo nyingi hazishiki sawasawa; kirusi kinachoropoka. Chanjo ikirudiwa, mwili unachagua zinazoshika vizuri na kutengeneza hizo kwa wingi. Kirusi kikinaswa barabara, hakipati nafasi ya kukuumiza."

"Zinashika kama hii mpya?"

"Kuliko hiyo."

Kiroboto akafumba macho, akanyoosha mkono. "Mama, umeanza?"

"Nimeshamaliza, mwanangu. Kuogopa si kosa. Ungeniambia tangu mwanzo, ningekushika mkono. Lakini ungenidanganya nikaondoka, wa kuugua ungekuwa wewe, si mimi."

"Nimeelewa, mama. Naomba plasta moja ya akiba."

Nesi akampa, akamkumbatia, akafunga sanduku lake. Akavuka uwanja akitabasamu, mkia mrefu wa karatasi ukipepea mgongoni.

Safari hii haukudondoka.