Kichupa cha Papa Yuma

Kila asubuhi Alima alifagia vipande vya nyuzi chini ya cherehani, akachota maji kwenye bomba la barabarani, kisha akaenda kumwamsha baba yake, fundi wa nguo. Kusema kweli, kikohozi cha Papa Yuma kilikuwa kimeshaamsha nusu ya mtaa wa Kamalondo. Jirani mmoja alikuwa ameuza saa yake ya kengele.

Asubuhi moja ya mwaka 1988, Papa Yuma alikohoa makohozi ndani ya kichupa cha hospitali, akampa binti yake ampelekee daktari. "Peleka kwa Munganga Mwaba. Na usicheze njiani."

Hakucheza. Lakini karibu na ofisi ya komini, yaani serikali ya mtaa, filimbi ililia: bendera ilikuwa inapanda. Sheria hiyo hata mbuzi waliijua: unasimama wima, mikono chini. Alima akasimama wima, mikono chini. Kichupa nacho kikaenda chini. Kifuniko kikafunguka, makohozi yakaishia vumbini.

Arudi nyumbani? Miguu ilikuwa imechoka, na kukaripiwa kulimngoja. Akatema mate yake mwenyewe kichupani, akaongeza maji kidogo ya bomba, akafunga.

Siku mbili baadaye hospitali ikasema hadubini imeonyesha vijidudu vinavyofanana na vya kifua kikuu. Papa Yuma akaanza kuchomwa sindano kila siku. Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao vya abakosti, suti za wakati ule zisizo na tai, wengine wakinyoosha mkono dirishani bila kuingia. Mama Amida, mamake Alima, akamtengea mumewe sahani na kikombe. Dawa zilifanya masikio ya Papa Yuma yavume. Alikaa kutwa akikanyaga pedali ya cherehani isiyo na nguo.

"Papa, unashona nini?" Alima aliuliza.

"Hewa, mama. Hiyo hainiogopi."

Alima alitabasamu, kisha akakumbuka kichupa. Nitasema kesho, aliwaza. Kesho zikapita sitini.

Munganga Mwaba naye hakuridhika. Picha ya kifua ilikuwa safi, na vijidudu alivyovikuza maabara vilikua upesi mno. Akavituma Ulaya kupimwa ADN, yaani maandishi ya uhai yaliyo ndani ya kila kiumbe. Chini ya hadubini vijidudu viwili vinaweza kufanana kama mapacha. Maandishi hayo ndiyo huvitenganisha.

Jibu liliporudi, akamwita Papa Yuma. Alima alimsindikiza.

"Huyu si mdudu wa kifua kikuu," alisema Munganga. "Ni ndugu yake, anaishi kwenye mabomba ya maji. Lakini iko tatizo. Mara chache naye huingia kifuani. Sitwayeni Yuma, raia mwenzangu, ulichanganya maji?"

"Hata tone, Munganga."

"Basi ametoka kifuani mwako, hata kama picha haimwonyeshi. Itabidi dawa nyingine, kali zaidi. Mwaka mzima."

Papa Yuma akaanza kukunja mkono wa shati, polepole, ingawa hakuna aliyeshika sindano.

"Ni mimi!" Alima alilia. "Kilimwagika bendera ikipanda. Nikaweka mate yangu na mayi ya bomba."

Munganga akaweka kalamu mezani. "Mutoto, maabara inajua kilichomo chupani. Namna kilivyoingia, ulijua wewe peke yako."

Siku hiyo hiyo sindano zikasimamishwa. Papa Yuma akakohoa upya mbele ya Munganga mwenyewe, na wiki kadhaa baadaye vipimo vikaonyesha hana kifua kikuu. Kilichomkohoza ni moshi wa pasi ya makaa aliyoiweka karibu na pua yake miaka kumi. Pasi ikahamia uani.

Alima akaenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza wateja. Watoto wa mtaa wakamwita Mama Bomba. Alivumilia, vitambaa vikarudi.

Jioni moja alikaa karibu na cherehani. "Papa, bado una hasira?"

"Nimechoka tu, mama." Papa Yuma akakata uzi kwa meno. "Siku nyingine ukimwaga, sema umemwaga. Ningekukaripia dakika tano, halafu ningekohoa tena. Makohozi yalikuwa tele. Ukweli ndio ulipungua."