Mtama Juu ya Theluji

Mama Wawira anaapa kwamba aliona kwa macho yake mawili. Anasema Elkana, yule nesi mpole wa Kisii, alipiga magoti kwenye theluji pale bustani ya ziwa la White Rock, Dallas, kule Marekani, akamwomba Dorothea waoane, na Dorothea akamgeuzia mgongo, akawa anatazama ndege.

"Ndege, wewe," husema akipiga makofi. "Mwanaume wa watu analia, yeye anatazama kasuku."

Ndivyo alivyowasimulia wanawake wa kanisani kule Mansfield, na kila aliposimulia theluji iliongezeka kina. Mama Wawira ni jirani mwema. Ukiishiwa chumvi atakupa, na kwenye maneno atakutilia bila kuombwa.

Ni kweli siku hiyo alikuwepo. Lakini alikuwa mbali, anawakimbiza wanawe waliokuwa wakiteleza mteremkoni juu ya vifuniko vya makasha ya plastiki. Alichokiona ni mgongo. Uso hakuuona.

Elkana na Dorothea walijuana katika duka la vyakula vya Kiafrika, Arlington, Jumamosi moja ambayo foleni ilifika hadi kwenye friji ya samaki. Dorothea, mzaliwa wa Muheza, anayefanya kazi ya kutunza wazee majumbani, alimwona mbele yake kijana mrefu mwenye sare ya bluu ya hospitali, amekumbatia mifuko ya mtama kama mtu aliyebeba mapacha.

"Kaka, una watoto wangapi wa kunywa uji wote huo?"

"Sina hata mmoja. Ni wa ndege."

"Ndege wa kufuga?"

"Wa bustani. Wale hawana mwenyewe."

"Jamani. Watu tunautafuta mtama, wewe unaumwaga chini."

"Sasa wewe, madam, nitakugawia mfuko mmoja. Lakini lazima ukuje uone vile wanakula."

Akaenda. Akaenda tena. Elkana akamvisha darubini shingoni, akamfundisha kusimama bila kutikisika, maana ukisema neno wanaruka. Jioni simu zikawa hazikauki.

"Umelala, Doro?"

"Naota."

"Unaota nini?"

"Kaka mmoja anayependa ndege kuliko watu."

"Si kuliko watu wote. Kuna mmoja amewashinda, na hata mabawa hana."

"Una maneno wewe. Kalale."

Kisha ikaja theluji, kitu ambacho Dallas haijakizoea. Barabara zikateleza, ofisi zikafungwa, magari yakalala chini ya blanketi jeupe. Elkana alimfuata Dorothea kwa mguu, koti la sufu juu ya sare, pua imeiva. Dorothea alitoka na kitenge chake cha manjano chini ya koti zito, kofia nyekundu, na viatu vya mpira vya kikongwe mmoja anayemtunza kazini.

"Umevaa kama ndizi imeingia kwenye gunia," Elkana akamwambia.

"Na gunia lenyewe umelitamani."

Bustanini kulikuwa kimya, isipokuwa kelele za wale watoto mteremkoni. Juu ya mlingoti wa umeme, kasuku wa kijani walikuwa wamejibanza kwenye viota vyao vikubwa vya vijiti, rangi yao ikiwaka katikati ya weupe ule. Elkana akachutama, akamwaga mtama juu ya theluji. Kasuku mmoja akashuka, kisha wengine, wakitembea kwa mashaka kama watu waliovaa viatu vipya. Dorothea akajikuta anacheka bila sauti.

Elkana alibaki chini vilevile amechutama. Akasema kwa sauti ndogo, asiwafukuze:

"Doro, Houston wameniita kazi. Sitaki kuhamia huko peke yangu. Nataka nikuoe. Utakubali?"

Kwao Muheza, bibi yake Dorothea alimlea akimwambia kwamba msichana akiulizwa habari ya ndoa haropoki. Anayesema "ndiyo" kwa mdomo wake ni yule aliyekuwa anangoja mlangoni. Mwenye adabu huinamisha uso, hugeuka, machozi yakija huyaacha yaje, na wenye akili wakishaona hivyo huenda kuwatuma wazee. Basi akageuka. Akawakazia macho wale kasuku, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, na katika maisha yake hakuwahi kuwa na furaha kama ile.

Nyuma yake Elkana alingoja. Mtama ukaisha, ndege wakaruka.

"Sawa," akasema. "Nimekuelewa."

Dorothea akaamini ameeleweka. Aliporudi akampigia shangazi yake.

"Shangazi, nimeulizwa."

"Ukajibuje?"

"Nilinyamaza."

"Ndiyo malezi hayo, mwanangu. Sasa tulia. Wazee watakuja."

Akatulia. Elkana alipohama alimwandikia: Nimefika Houston salama, ubarikiwe. Akajibu: Amina. Hakupiga simu, maana anayeposwa hamkimbizi mposaji. Theluji ikayeyuka, miti ikachipua, naye kila simu kutoka nyumbani akiipokea anasikiliza kama kuna ugeni umefika kwao.

Ugeni ulikuja Jumapili, ukaja kwa mdomo wa Mama Wawira, nje ya kanisa.

"Dada Dorothea, mimi nakupenda, lakini ulimuumiza yule kijana. Si ungemkatalia kwa maneno? Kumgeuzia mgongo hivyo. Haya, leo wazee wake wameenda kumposa msichana anaitwa Kwamboka, kwao huko Sugar Land, karibu na Houston. Mungu si Athumani."

Dorothea aliingia garini, akafunga vioo, akampigia Elkana. Ikaita sana.

"Doro?"

"Elkana, nani alikwambia nilikukataa?"

"Wewe. Nilikuuliza, ukaangalia kando."

"Kwetu ndivyo tunavyokubali. Nilikuwa nawangoja wazee wako."

Akamsikia Elkana akivuta pumzi.

"Doro, kwetu wazee hawatoki nyumbani kama msichana hajasema. Ningewatuma wapi? Waende warudi na aibu?"

"Ungeniuliza tena."

"Na wewe ungenipigia. Hata siku moja. Nililala na simu kwa mto, Doro, kama mtu mgonjwa."

"Nilifundishwa nisikukimbize."

"Na mimi nilifundishwa nisilazimishe mtu." Akashusha sauti. "Niko kwa kina Kwamboka saa hii. Wazee wako sebuleni. Bado hawajaanza kuongea, wanangoja chakula."

"Kwamboka unampenda?"

"Ni msichana mzuri. Alisema ndiyo."

Dorothea aliegemeza paji la uso kwenye usukani. Kilemba chake cha kanisani kilikuwa kimelegea, akakiacha kianguke. Bibi yake angemsikia angefunika uso kwa kanga, lakini bibi alikuwa Muheza, na yeye alikuwa kwenye maegesho ya magari, amebakiwa na simu tu.

"Elkana wangu, niulize tena," akasema. "Sasa hivi, kabla hawajaanza. Mara moja tu, nitakujibu kwa mdomo wangu."

Upande wa pili vyombo viligongana, mtu mzima akacheka, na sauti ya mwanamke ikamwita Elkana aje anawe mikono. Elkana hakuikata simu. Dorothea aliibana sikioni kwa mikono miwili.