Kasi ya Mwaisha

"Bure?" Mwaisha aliukumbatia mfuko wa kompyuta yake kwa mikono miwili. "Kaka, Shinyanga hii nani anagawa vitu bure?"

Ilikuwa asubuhi, kwenye maduka ya simu ya Kambarage, spika zikishindana kunadi chaja na vocha. Mwaisha haoni tangu utotoni, na anaishi kwa kuwachapia watu barua. Kisoma-skrini chake, ile sauti inayomsomea kilichomo kwenye kompyuta, kilikuwa cha majaribio tu. Kila baada ya dakika arobaini kinanyamaza katikati ya barua ya mtu.

"Sigawi mimi," mwanaume aliyeisikia shida yake alicheka. Sauti ilitoka juu, mrefu huyu, na shati lake lilinukia sabuni ya mche. "Linux ni mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, na kisoma-skrini kimo humo humo. Walioutengeneza wameuacha wazi kwa kila mtu. Naitwa Hatibu, fundi kompyuta, nimehamia juzi kutoka Kahama."

"Na wewe unapata nini?"

"Ukinipa namba yako ya simu sitakataa."

Mwaisha akacheka, kisha akajichukia kwa kucheka. Mchumba wake wa zamani alikuwa na tabia ya kusimama nyuma ya kiti chake, kimya, akisoma siri za wateja. Tangu alipomgundua, Mwaisha huzima mwanga wa skrini na kusikiliza kwa hedifoni. Lakini namba alitoa.

Hatibu alileta flashi tatu ofisini kwa Mwaisha, kila moja na Linux ya aina yake. Mfumo wa kwanza ulikuwa bubu mpaka umalize kuwekwa. "Kwa hiyo kila ukiharibika nikuite unisomee? Chukua flashi yako." Wa pili uliongea vizuri, ila ukifungua barua ndefu unagugumia. Wa tatu ulibonyezwa herufi moja tu, ukaanza kuongea kuanzia hatua ya kwanza. Huo Mwaisha aliuweka mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, na ilipofika zamu ya neno la siri akamwamuru Hatibu ageukie ukutani.

"Nimegeuka, malkia wangu."

"Muongo. Sauti yako inanijia usoni. Geuka kweli!"

Akageuka. Baada ya hapo simu zikawa haziishi. Umekula, laazizi? Umevaa rangi gani leo? "Jirani yangu Rosemary ananiambia ni manjano," Mwaisha alijibu, "njoo uhakikishe kama hanidanganyi." Alimpenda, na kumpenda kulimtia hofu. Kibodi ilipokufa, Hatibu akaichukua kompyuta kwa siku mbili, na Mwaisha akampa neno la siri, kitu ambacho hajawahi kumpa mtu.

Kompyuta ikarudi. Mwaisha akaiwasha. Sauti ilikuwa inasoma polepole, neno, pumzi, neno. Yeye husikiliza kwa kasi ambayo wateja hudhani ni nyuki. Mwenye macho angetazama skrini, hahitaji sauti. Basi aliyeitumia haoni, na ndiyo kwanza anajifunza.

"Ana kipofu mwingine," alimwambia Rosemary, muuza vitenge wa jirani.

"Bhebhe, wewe!" Rosemary alimaka kwa Kisukuma. "Na neno la siri ulimpa?"

Siku tano Mwaisha hakupokea simu za Hatibu. Ya sita akapokea. "Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo unayemfundisha kwenye kompyuta yangu!"

Hatibu akasikika akichukua funguo. "Nakuja," akasema.

Alifika akihema. "Ni mimi, Mwaisha. Nilizima skrini nikajaribu kuandika kama wewe."

"Kila muongo ana maelezo." Mwaisha akauvua mtandio wake, akamfunga Hatibu machoni, akakaza fundo, kisha akapapasa kuhakikisha hakuna upenyo. "Kaa. Andika."

Vidole vilianza kutambaa. Sauti ya polepole ikataja herufi moja moja. Akakosea, akafuta, akajikuta nje ya ukurasa, akaomba radhi kwa kompyuta. Lakini alijua njia ya kurudi, na njia hiyo haijui mtu ambaye hajawahi kupotea gizani humo. Sauti ikasoma mstari mzima:

"Mwaisha, nikuoe?"

"Ndiyo barua niliyoshindwa kuimaliza siku zile mbili," Hatibu alisema. "Sikufungua kingine. Wallahi."

Mwaisha alivuta kiti. Akachapa haraka, akarudisha kasi yake, akabonyeza. Nyuki wakapita.

"Sijasikia kitu! Punguza, mpenzi."

"Sipunguzi. Jifunze."

Akarudia, akarudia tena. Mara ya tano Hatibu akaruka na kiti kikaanguka. "Ndiyo! Nimesikia ndiyo!"

"Sikiliza mpaka mwisho."

Akainama, mtandio bado machoni, sikio karibu na spika.

"Ndiyo," alitamka taratibu, akifuata ile sauti. "Lakini neno la siri nimeshabadilisha."