Sten Iliyobaki Mezani

Mchana kweupe, katika karakana ya silaha pale Temeke, Sten moja ilijikoki juu ya meza. Gaudens alisikia springi ikivutwa hadi mwisho, akageuka. Hapakuwa na mtu.

Alizijua Sten tangu alipopigana Burma: bomba la chuma lililoundwa harakaharaka wakati wa vita, magazini ikichomekwa ubavuni kushoto. Bunduki nyepesi, isiyoaminika. Ukiiangusha huweza kufyatuka bila kuguswa. Lakini hii haikuanguka, wala haikuwa na magazini. Mwaka ule wa 1949 kazi yake ilikuwa kuzikata zilizochakaa. Ilibaki hiyo tu.

Alipoinua msumeno, mtutu ulitoa harufu ya buni za kutafuna, kama za kwao Bukoba. Kisha sauti ya Auleria, mkewe aliyefariki akimzaa binti yao Jovina, ikamwambia asimkate.

Hakuikata. Akawa anakula chakula cha mchana karibu nayo. Mwenzake Mwinjuma akamtania kwamba ameoa tena, mpaka naye alipoisikia ikicheka. Jumapili, bwana mkubwa akiwa hayupo, Mwinjuma akamwingiza kwa siri shangazi yake, Bibi Mwanabaraka, mganga wa pepo.

Taratibu ya bibi ilikuwa moja: pepo haondolewi kabla hajaulizwa jina na haja yake. Akafukiza ubani, akauliza.

"Auleria," mtutu ulijibu. "Nataka kiti, mtu wa kumpanda. Nipeni kichwa cha Jovina nikae."

"Usimkatalie, mwanangu," bibi alinong'ona. "Omba muda. Mpe ahadi."

Gaudens akashika msumeno. Hapo vipande vya Sten zilizokwishakatwa vikaanza kugongana ndani ya sanduku, mlango ukajifunga, harufu ya buni ikageuka uvundo wa damu iliyolala, na Mwinjuma, aliyekuwa akisoma Ayatul Kursiy kwa sauti ya chini, akajikuta midomo inacheza lakini neno halitoki.

"Mke wangu alikufa ili mtoto huyu aishi," Gaudens alisema. "Asingerudi kumchukua. Wewe si yeye, na ahadi sikupi."

Akakata. Sauti ikamwita kwa jina ambalo mkewe tu alimwita, ikamsihi kwa Kihaya, ikaanza kufifia. Ilikuwa sauti ya Auleria hasa, na hangeisikia tena. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni. Mkono haukupunguza kasi.