Marehemu wa Mbele ya Foleni

Uvumi ulinikuta kwenye foleni ya maziwa hapa Kothrud, mjini Pune, na mpaka leo haujanitoka kichwani. Walisema Profesa Athavale, ambaye maiti yake tuliichoma wenyewe mwaka jana kabla ya mvua, bado anafanya kazi. Anatuma hesabu zake kila siku, hapumziki.

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Nina binti anayesoma.

Yaliyokuwa nyuma ya uvumi ule ni haya.

Pikipiki nyeusi aina ya Pulsar ilipanda njia ya waenda kwa miguu karibu na daraja la Mhatre, ikamkosa muuza mahindi kwa unywele. Nyuma yake ilinguruma pikipiki nyingine, Royal Enfield.

Juu ya Royal Enfield alikaa Mukta Ghorpade.

Mukta alikuwa jasusi wa idara ambayo haina kibao mlangoni. Hana mume, hana mtoto, hana wa kumchelewesha. Redio ikakoroma sikioni mwake. Alikuwa mkuu wake, Inamdar.

"Ghorpade, usimuue. Namtaka akiwa na mdomo."

"Mdomo tu, Saheb?"

"Mdomo tu."

Mukta aliipiga teke Pulsar kwenye gurudumu la nyuma. Dereva akaruka, akatua kwenye mtaro wa maji machafu. Kabla hajainua kichwa, Mukta alikuwa amemkalia kifuani na kushika dole gumba lake.

Lilivunjika kama kijiti kikavu.

"Tai, dada, tafadhali! Dada yangu! Nina mke nyumbani!"

"Basi mwachie mke wako vidole vya kutosha. Begi lina nini?"

Ndani ya begi mlikuwa na simu moja tu, ya kasha la waridi lenye vimetameta. Simu ya msichana. Wakati huohuo ikaita. Kwenye kioo liliandikwa neno moja: Aai. Mama.

"Mimi kazi yangu kuizungusha tu," yule mtu alisema, machozi yakichanganyika na tope. "Naipeleka Deccan, naipeleka Swargate, nairudisha chuoni. Wakiitafuta waone inatembea. Mama akipiga sipokei. Namwandikia: niko maabara, Aai, nitakula huku."

"Na mwenye simu?"

Yule mtu akageuza uso.

Kidole cha pili.

"Chakan! Kiwanda cha dawa kile kilichofungwa! Yuko kwa Vartak, amefungwa mnyororo mguuni! Hesabu ya mwisho inatoka leo mchana. Ikitoka atawapikia sumu yao, mnunuzi aone, halafu..." Alipitisha mkono mzima shingoni.

Simu iliita tena. Mukta aliitazama mpaka ikanyamaza. Kisha akaandika taratibu kwa kidole kimoja.

Niko maabara, Aai. Nitakula huku.

Akatuma.

Hata yule mwenye vidole vilivyovunjika alimkodolea macho.

Msichana mwenyewe aliitwa Ketaki Lonkar, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu ya kemia, mwaka wa sita. Siku hizi wanasayansi hawahangaiki. Kuna lango, yaani tovuti. Unaingia, unaandika swali lako, unabonyeza. Lango linalikatakata swali na kuvigawa vipande kwa kompyuta za Pune, Hyderabad, Guwahati na kwingine usikokujua. Kila kompyuta inatafuna kipande chake. Wewe unakunywa chai. Jibu linarudi limeunganishwa, zuri, kana kwamba limetoka kichwa kimoja.

Tatizo ni foleni. Mwanafunzi anasubiri wiki nzima. Profesa mkubwa anapita mbele.

Na Profesa Athavale, Sir kwa wanafunzi wake, alikuwa mkubwa kuliko wote. Hakuwahi kugusa kompyuta. Wanafunzi wake ndio waliomtumia kazi, kwa jina lake na neno lake la siri, kama wanavyombebea mkoba. Alipokufa walitundika picha yake maabara, wakaivika shada la maua ya njano. Jina lake kwenye lango wakaliacha hai. Nani angelifuta? Ungefutaje jina la mwalimu wako?

Vartak alikuwa na duka la kuchapa tasnifu nje ya geti la chuo. Alikuwa mwenye maneno matamu, na chai yake ya tangawizi haikuisha.

"Tai, bado uko kwenye foleni? Utazeeka! Nipe neno la siri la Sir. Nitapitisha zako, na zangu kidogo."

Ketaki alimpa. Chai ilikuwa bado ya moto.

Hizo "zangu kidogo" za Vartak zilikuwa hesabu za moshi usio na rangi wala harufu, unaoua watu wakiwa wamesimama; alipohitaji mkemia wa kuupika, alimteka Ketaki mwenyewe. Mnunuzi alikuwa mgeni kutoka nje. Alitaka kuujaribu Laxmi Road, mtaa wa maduka, siku ya watu kununua nguo za sikukuu ya Diwali.

"Zima lango," Inamdar aliamuru kwenye simu.

"Nikizima, wanamkata msichana na kuhamia kwingine. Mnunuzi anapotea."

"Unataka nini?"

"Acha jibu liende. Ila liende na langu ndani yake."

"Msichana ndiye atakayelipika hilo jibu lako, Ghorpade."

"Ni mkemia. Ataliona."

"Na asipoliona?"

Mukta alikuwa amekwisha kata simu.

Kwenye kituo cha kompyuta, msimamizi wa lango, bwana mmoja mnene aitwaye Bapat, aliruka kutoka kwenye kiti kama ameungua.

"Kazi ya Sir? Madam, mimi siwezi kugusa kazi ya Sir!"

"Sir ni majivu, Bapat."

"Sir ni majivu, ndiyo, lakini akaunti yake ni nzima! Mkewe huja hapa kuliangalia jina lake. Anakaa pale. Ananiletea vitamutamu vya laddu."

"Na miezi yote hii hukujiuliza marehemu anahesabu nini?"

Bapat alifuta jasho. "Nilidhani ni wanafunzi wake, wanamalizia. Nilifurahi, Madam. Nilisema, tazama jinsi wanavyompenda."

Mukta aliweka bastola yake ya Glock juu ya kibodi, polepole, kama mtu anavyoweka miwani.

"Vipande vyote vimerudi?"

"Vimerudi. Kumebaki kuviunganisha."

"Basi fungua. Nitabadilisha namba moja."

Ilikuwa namba ya joto, kwenye hatua ya mwisho. Atakayeifuata angepata mlipuko usoni badala ya moshi kwenye chupa. Bapat aliitazama picha ya Sir ambayo naye aliitundika ukutani kwake, akafumba macho, akabonyeza.

Jibu likaenda Chakan.

Mukta alilala kifudifudi juu ya paa la bati la jirani, barakoa ya gesi shingoni, kinasa sauti cha masafa marefu kikielekezwa kwenye dirisha la kiwanda. Alisikia kila kitu.

"Limetoka!" Vartak alipiga makofi. "Sir wetu hajawahi kuniangusha. Haya Tai, vaa glavu."

Ketaki alisoma kwenye laptopu. Akasoma tena. Sir alikuwa na kasumba iliyowachosha wote: jibu la lango lazima ulihesabu upya kwa penseli. "Mashine haina pua," alifoka, akiwatupia karatasi. "Ninyi mnazo." Walimcheka nyuma ya mlango.

Sasa hakuwa na penseli. Alihesabu kwa ukucha kwenye ngozi ya kiganja chake. Ukucha ukasimama.

"Vipi?" Vartak aliuliza.

"Mikono inatetemeka, bhau, kaka yangu. Nikimwaga, mgeni wako ataondoka mikono mitupu."

"Utatetemekea kwa mama yako."

"Sawa. Lakini nikimwaga usinilaumu."

Kwenye redio Inamdar, aliyekuwa akisikiliza pia, alinong'ona, "Ameliona. Mtoe sasa!"

"Mnunuzi bado yuko mlangoni," Mukta alijibu. "Hajasogea mezani."

"Ghorpade!"

"Bado."

Ndani, glasi iligonga glasi. Mnunuzi akacheka, akasema kwa lugha yake kitu kilichomchoma Vartak.

"Toka hapa, mbuzi wewe!" Vartak alimsukuma msichana. "Miaka sita chuoni na kumimina hujui. Njoo, bwana, sogea, uone inavyofanywa."

Hatua za viatu vizuri zilisogea mezani.

Ketaki alijitupa chini ya meza ya mawe, mpaka mnyororo ulipomkatalia.

Mlipuko ukayatoa madirisha yote kwa pamoja.

Mukta aliteremka ukutani, barakoa usoni. Mlinzi wa geti alitoka mbio akijikuna macho, bunduki ikipiga popote. Risasi moja ya Glock ikamlaza. Ndani, mnunuzi hakuwa tena na uso wa kununulia kitu. Vartak alikuwa akitambaa, ngozi ya mikono ikibaki sakafuni.

"Maji... Madam... maji..."

"Subiri foleni," Mukta alisema, akamruka.

Alikata mnyororo kwa mkasi wa chuma, akambeba Ketaki mpaka nje kwenye nyasi, akammwagia chupa mbili za maji usoni. Msichana alikuwa hai. Macho yake yalikuwa wazi, meupe kama maziwa, yakitazama jua bila kupepesa.

"Nani aliibadilisha ile namba?"

"Mimi."

"Ulijua nitaiona?"

Mukta alikung'uta vumbi kwenye koti.

"Sikujua."

"Na nisingeiona?"

"Wangekufa vilevile."

King'ora cha gari la wagonjwa kilikuwa kinakaribia. Simu ya waridi ikaita mfukoni. Mukta akaitoa, akaisukumia kwenye kiganja cha msichana chenye mikwaruzo ya ukucha.

"Ni nani?" Ketaki aliuliza, akikigeuzageuza kioo mbele ya macho yale.

"Pokea, utamjua."

Mukta akavaa helmeti, akawasha Royal Enfield. Hakugeuka. Alisimama mara moja tu, kwenye kibanda cha njiani, akala vada pav, mkate wa viazi, akiwa amesimama.

Kesho yake Bapat alilifuta jina la Sir. Alivua viatu kwanza, kama hekaluni.

Wanangu, na watoto wa wenzangu, epukeni haya:

Usimpe mtu neno lako la siri, hata akikuita dada.

La mwalimu wako ndiyo kabisa, awe hai au marehemu.

Usiruke foleni kwa jina la mtu mwingine.

Usinywe chai ya duka la tasnifu.

Mtu akikuomba umpitishie kitu "kidogo", usikipitishe kabla hujakisoma chote.

Usiliamini jibu la lango kabla hujalihesabu mwenyewe.

Usimwandikie mama yako kwamba uko maabara. Mpigie, asikie sauti.

Na ninyi akina mama, msikubali ujumbe wa maandishi. Nendeni mkagonge mlango.

Na yule mwanamke wa Royal Enfield, mkimwona, msimwombe msaada.