Mama Elise Wawili

Kila Jumamosi, baada ya kuosha vyombo na kupiga deki sebuleni, Arielle alikuwa akivaa koti lake zito, akishuka ngazi za jengo lao hapo Fisksätra, mtaa wa pembezoni mwa jiji huko Uswidi, na kwenda kwenye ukumbi wa kanisa. Waumini walikuwa Wakongo na Wakenya, na katika chumba cha nyuma kulikuwa na klabu ya kompyuta ya watoto. Mwalimu wao alikuwa Anti Beverly, Mkenya ambaye siku za kazi alikuwa mhandisi wa programu za kompyuta.

Arielle alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu na alielewa mambo upesi. Vuli hiyo Anti Beverly alimpa kazi ya kweli. Wazee kumi na tisa wa kanisa lile walihitaji kupelekwa hospitali kwa gari. Dereva wao wa kujitolea alikuwa Mzee Njoroge, aliyeendesha mabasi ya jiji kwa miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu. Miadi yote aliiandika daftarini. Sasa ilitakiwa programu: Mzee Njoroge aingize jina la mgonjwa, siku na saa, nayo itume ujumbe kwenye simu ya mgonjwa na simu ya dereva, pamoja na mahali pa kumchukua.

"Unaruhusiwa kutumia akili mnemba," Anti Beverly alimwambia. "Hata sisi kazini tunaitumia kila siku. Unaieleza unachotaka, inakuandikia programu. Lakini soma kila mstari mpaka uuelewe. Kisha ijaribu kwa njia nyingi, hata zile unazoona za kipuuzi. Ukimaliza, andika jina lako chini ya maneno haya: Nimesoma, nimejaribu."

Arielle aliieleza akili mnemba alichotaka. Chai yake haijapoa, mistari mia mbili na arobaini ilikuwa imejipanga kwenye kioo. Akajaribu mara moja kwa jina la mama yake, ujumbe ukafika. Mistari yenyewe hakuisoma. Rafiki yake Diane alikuwa mlangoni akimngoja waende uwanja wa barafu. Arielle aliandika jina lake chini ya yale maneno, akafunga kompyuta.

Jumapili iliyofuata alisimamishwa mbele ya waumini, wakampigia makofi. Mama yake, Célestine, alilia kwa furaha.

Kwa majuma matatu mambo yalikwenda vizuri. Mzee Njoroge aliliweka daftari kabatini, akawa anafuata simu tu.

Kanisani walikuwepo kina mama wawili walioitwa Elise. Mmoja aliishi Fisksätra, jengo la pili kutoka kwa kina Arielle. Mwingine aliishi peke yake Spånga, upande wa pili wa jiji, na alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Huyu wa Spånga alikuwa amengoja miezi minane ili apasuliwe jicho katika hospitali ya Flemingsberg. Siku yake ilikuwa Jumanne moja ya Novemba.

Jumanne hiyo ujumbe ulikwenda kwa Mama Elise wa Fisksätra. Alidhani ameitwa kupimwa presha, akaingia garini. Walipofika mapokezi, jina lake halikuonekana. Hadi walipong'amua kwamba anayengojwa ni Elise mwingine, zamu ilikuwa imepita. Kule Spånga, Mama Elise alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mlangoni tangu saa moja asubuhi, koti mwilini. Alipiga simu mara mbili, lakini Mzee Njoroge hapokei simu akiwa barabarani.

Jioni Anti Beverly alimpigia Arielle. "Ile programu, uliisoma na kuijaribu yote?"

Arielle alijibu upesi. "Ndiyo, Anti."

"Sawa. Basi huenda ni kosa la kuingiza jina."

Jumapili, baada ya ibada, jambo lile lilizungumzwa ukumbini. Mzee Njoroge alisimama, kofia mkononi. "Naomba radhi kwenu nyote," alisema. "Nadhani nilibonyeza Elise asiye yeye."

"Kompyuta haikosei, Mzee," Ludovic, mtunza ukumbi, alisema kwa upole. "Ni umri tu. Sote tunaelekea huko."

Mzee Njoroge aliitikia kwa kichwa. "Marehemu baba yangu alianza hivi hivi," alisema. "Kusahau kidogo kidogo."

Arielle alikuwa safu ya tatu. Alitazama viatu vyake. Nyumbani mama yake alimpakulia wali na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akamuuliza mbona hali. Arielle akajibu kwa Kiswidi kwamba hana njaa, akaenda chumbani.

Jumatatu, alipotoka shule, alifungua kompyuta na kusoma ile mistari kwa mara ya kwanza. Ilimchukua saa moja na nusu. Alipofika mstari wa themanini na nane alisimama. Programu ilikuwa ikiwatambua watu kwa jina la kwanza peke yake. Wakitokea wawili wenye jina moja, anayeandikishwa baadaye alimfuta wa mwanzo. Mzee Njoroge hakuwa amekosea lolote. Elise wa Fisksätra ndiye aliyeandikishwa baadaye; ungemwandika Elise yeyote yule, gari lingekwenda Fisksätra.

Kurekebisha kulichukua dakika kumi. Arielle alirekebisha kimyakimya, akajaribu, ikafanya kazi. Alidhani sasa angepata nafuu. Hakuna ambaye angejua, na kosa halingerudi tena. Lakini usiku ule, na usiku uliofuata, alimwona Mzee Njoroge na kofia yake mkononi. Programu ilikuwa imepona. Yeye alikuwa bado anaumwa.

Jumamosi Mzee Njoroge aliingia chumba cha klabu, akaweka funguo za gari la kanisa mezani.

"Beverly, mtafutieni dereva mwingine. Nimeomba daktari anipime kumbukumbu. Sitaki siku moja nimwache mtu barabarani kwenye baridi."

Arielle alisimama. Kiti chake kilianguka nyuma, wala hakukiinua.

"Mzee, si wewe uliyekosea. Ni mimi." "Programu iliandikwa na akili mnemba. Sikuisoma. Niliandika jina langu kuwa nimeisoma. Anti aliponiuliza, nikasema uongo. Jumatatu niligundua kosa nikalirekebisha bila kumwambia mtu. Wewe ukalaumiwa, na mimi nikanyamaza."

Mzee Njoroge alivuta kiti, akakaa taratibu.

"Siku kumi na moja," alisema. "Kila asubuhi nimekuwa nikitaja vituo vyote vya basi langu la zamani, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho, nione kama nimesahau."

"Umesahau vingapi, Mzee?" Diane aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hata kimoja. Lakini bado sikujiamini." Akamtazama Arielle. "Hicho ndicho ulichoniondolea, binti yangu. Leo umenirudishia. Umechelewa, lakini umenirudishia."

Anti Beverly hakupaza sauti. "Na mimi nina langu," alisema. "Niliona jina lako pale chini, nikaacha kukagua. Chukua koti."

Mzee Njoroge aliwaendesha hadi Spånga. Mama Elise aliwafungulia, akasogeza uso karibu ili amtambue mgeni. Arielle alieleza yote kwa Kiswahili, bila kuchanganya Kiswidi.

"Nimekusikia," Mama Elise alisema. "Hospitali wamenipa tarehe nyingine, wiki ya pili ya Desemba. Nimekusamehe, mama. Lakini ujue, mpaka siku hiyo sura ya mjukuu wangu kwenye picha siioni."

Arielle alilia, na Mama Elise akamwacha alie.

Jumamosi iliyofuata Arielle na Diane waliijaribu programu upya mbele ya Anti Beverly: majina yanayofanana, mgonjwa asiye na namba ya simu, miadi miwili kwa wakati mmoja. Walipata makosa mengine mawili. Desemba gari lilisimama Spånga dakika tano kabla ya wakati, Mzee Njoroge kwenye usukani, na Mama Elise akapasuliwa jicho lake la kwanza.

Siku walipokwenda kuomba radhi, walipokuwa wakishuka ngazi za kwa Mama Elise, Arielle alikuwa ameuliza, "Anti, ni vibaya kutumia akili mnemba?"

"Si vibaya. Mimi siku hizi naandika mistari michache kuliko zamani, ila nasoma na kujaribu mara tatu zaidi. Kazi haikuondoka, imehama tu." Anti Beverly alisimama kwenye ngazi, akamgeukia. "Mashine inaweza kuandika usiku na mchana, Arielle. Lakini haiwezi kupanda ngazi hizi kumwomba Mama Elise msamaha. Anayeweka jina lake ndiye anayezipanda. Kwa hiyo usiliweke mpaka uwe umesoma, na ukikosea, usimwache mwingine azipande kwa ajili yako."