Kamba ya Shemeji

Mvua ilizima kienge kabla Maaran hajakata sega la pili. Moshi ukafa, na nyuki wa jabali wakamgeukia.

Radi ikapiga mti uliofungiwa ngazi ya mitambaazi. Mti na ngazi vikapita ubavuni mwake, vikamezwa na ukungu. Akabaki ananing'inia katikati ya genge la mwamba kwa kamba moja ya kiunoni, na kule juu mikono ya Kethan, kaka wa mkewe. Ndivyo walivyofanya watu wa msitu ule, waliobadilisha nta kwa chumvi na chuma: kamba hushikwa na shemeji, maana hakuna atakaye kumfanya dada yake mjane.

Lakini mkewe, Velli, alikuwa amerudi kwa kaka yake, jicho limevimba kwa ngumi ya Maaran. Msimu wa asali haungoji ugomvi, naye Maaran hakuwa na shemeji mwingine.

"Shemeji! Vuta!"

"Leo mimi shemeji? Juzi uliniita kima."

"Nitakufa!"

"Funga mdomo, utameza nyuki. Peke yangu siwezi, mikono inachubuka!"

Kamba ikateleza. Maaran akaporomoka, goti likapasuka mwambani. Akangoja kisu kiguse kamba. Angekuwa yeye kule juu, huenda angekata. Wazo hilo lilimtisha kuliko shimo.

Mara kamba ikakaza. Ikapanda. Ilikuwa nguvu ya watu wawili.

Alipoburutwa juu ya ukingo, jicho lake moja ambalo nyuki hawakulivimbisha lilimwona Velli, aliyekuja mbio aliposikia radi. Viganja vyake vilitoka damu.

"Velli... umenisamehe."

"Nani kakwambia?" Alikuwa akitweta. "Ukifa, narithiwa na kaka yako, na ngumi zake nzito kuliko zako. Mjane hachagui. Aliyeachwa anachagua." Akang'oa bua la nyasi, ambalo kwao mume akilivunja mbele ya shahidi ndoa imekwisha, akamwekea kiganjani. "Vunja, kaka yangu anaona. Uniache ungali hai."

"Dada, mpe maji kwanza," Kethan akasema. "Hata kusema anasema kwa taabu."

"Bua halivunjwi kwa mdomo."

Vidole vya Maaran vilikuwa vimevimba, havikunjiki. Bua likamponyoka. Hakuna aliyemwokotea. Akapapasa matopeni hadi akalipata, akalibana kwa viganja vyote viwili, akalivunja.

Ndipo Velli akampa maji.